Steroli haitoki kwa kuchemsha magome na maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako, na najua huwa mnakata barua ndefu lakini hii naomba msiikate sana manake jambo lenyewe halielezeki kwa mistari mitatu. Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya msomaji mmoja anasifia dawa ya kienyeji ya kushusha mafuta ya damu, ati imejaa steroli za mimea, vitu vya jamii ya mafuta vilivyo ndani ya mimea, na ati hata wewe unaweza kuitengeneza nyumbani, unachukua magome ya ntaseesa, majani ya avokado na mbegu za boga, unachemsha kwa maji masaa mawili, unachuja, unakunywa kikombe asubuhi na jioni. Mimi nimefanya kazi ya labu ya kemia miaka 31, kwanza shule ya sekondari hapa Lira, Uganda, alafu mwisho mwisho kwa kiwanda kidogo cha kukamua mafuta, sa hivi nimestaafu nafuga kuku. Ningenyamaza tu kama wazee wengine wanavyonyamaza. Ila hio kitu imeshaingia nyumbani kwetu.

Shangazi yangu yuko Arua, ana miaka 68, ana presha, na mwaka jana daktari alimpima akamwambia mafuta ya damu yako juu, akampa vidonge. Kuna jamaa wanakuja pale sokoni na boda, wana spika, wana bango la moyo mwekundu, chupa moja elfu 40. Shangazi akanunua tatu, vidonge vya daktari akaviweka kabatini. Mimi nikampigia simu kumsalimu tu, shikamoo shangazi, habari za nyumbani, akaniambia, "Marahaba baba, mimi mzima kabisa, sa hivi natumia steroli." Kwanza nilicheka, neno kama hilo kutoka kwa shangazi ambaye hata chumvi anaiita dawa ya mboga. Alafu aliponiambia habari ya vidonge kicheko kikaisha.

Sasa nianze kwa haki, manake huyo msomaji wenu hakukosea yote. Steroli za mimea zipo na kazi yake inajulikana. Ni ndugu wa kolesteroli, hayo mafuta ya damu yenyewe, wamefanana mno, kolesteroli ina kaboni 27 na beta-sitosteroli, ambayo ndo nyingi zaidi kwenye mimea, ina 29, tofauti ni kamkia kamoja kadogo pembeni. Tumboni zinagombania nafasi. Chukua mfano wa taksi ya kwenda Kampala, viti 14, steroli za mimea zikishaingia zikakaa, kolesteroli inabaki steji na mizigo yake, mwisho inatoka nje na choo. Na hizo steroli zenyewe mwili haukubali kuzibeba, hata asilimia 5 haziingii kwenye damu. Mtu akila kama gramu 2 kwa siku pamoja na chakula, kolesteroli mbaya inashuka kama asilimia 10 hivi. Kwa wenzetu wa Finland tangu 1995 wanauza majarini yenye kitu cha jamii hio, inaitwa Benecol, na malighafi yake ilitoka kwa miti ya paini, kwenye uchafu unaobaki wakipika mbao kutengeneza karatasi. Wale wanaosema steroli ni uongo wa wazungu nao wanyamaze.

Kosa liko kwenye maji. Mama yeyote wa huku Kaskazini anayekamua simsim anajua maji na mafuta hayakai pamoja, na steroli kwa tabia iko upande wa mafuta. Ukichemsha magome kwa maji unatoa rangi, unatoa ule uchungu unaokausha ulimi, unatoa sukari sukari na chumvichumvi. Steroli inabaki kwenye magome uliyoyatupa jalalani. Ndo hivo tu, na ningeweza kuishia hapa, lakini mtu atauliza basi inatokaje, na hilo ndo swali nililolifurahia maisha yangu yote kwa iyo nitalijibu.

Pale shule tulikuwa tunafanya hivi na wanafunzi wa S6, yaani kidato cha sita. Tunachukua mafuta ya soya, gramu 5, tunaweka kwa flaski na potashi kali iliyoyeyushwa kwenye spiriti, tunafunga kondensa juu ili mvuke urudi, tunachemsha polepole saa nzima. Hapo mafuta yote yanageuka sabuni. Hio ni kazi ileile ya akina mama wanaotengeneza sabuni na kostiki, hakuna uchawi. Lakini ndani ya mafuta kuna kitu kidogo ambacho hakikubali kuwa sabuni hata ukipike mpaka kesho, na hapo ndo steroli zimejificha, pamoja na vitamini E na vingine vya rangi. Unaongeza maji, sabuni inayeyuka kwenye maji, alafu unamwaga hekseni (hexane), ambayo ni kama ndugu wa petroli aliyeoga akavaa suti, unatikisa kwa ile faneli yenye bomba chini, unaacha itulie. Maji na sabuni yanakaa chini, hekseni inakaa juu na steroli ndani yake. Unafungua bomba, maji yanatoka, unarudia mara tatu, unaosha hekseni na maji mpaka sabuni iishe kabisa, unaikausha hekseni ipotee, na chini ya kikombe kinabaki kitu cha njano kinanata. Gramu 5 za mafuta zinakupa kitu ambacho hata ukucha wa kidole kidogo hakijazi.

Mara ya kwanza kabisa nilipofanya peke yangu niliitikisa ile faneli kama mtu anatikisa kibuyu cha maziwa, nikafikiri nguvu ndo kazi. Ikawa mtindi. Hekseni, maji, sabuni, vyote vimeshikana povu zito jeupe, haliendi juu haliendi chini. Nikasubiri mpaka jioni, nikasubiri mpaka kesho yake, mwalimu mkuu anapita dirishani anauliza fundi leo unauza bongo, yaani maziwa mgando, au nini. Siku ya pili mwalimu wa kemia, marehemu sasa, akaja akatia chumvi kidogo na spiriti kidogo, akaigeuza ile faneli taratibu kama mtu anabembeleza mtoto, na povu likaachana lenyewe mbele ya macho yangu. Tangu siku ile nawaambia vijana, unapindua, hutikisi.

Na kuna mwaka spiriti iliisha stoo, kijana mmoja akaleta waragi, pombe kali ya kwao, lita nzima kwa jerikeni ndogo, akasema si ni ileile. Tukajaribu, kwa nini nidanganye. Waragi zaidi ya nusu ni maji, mafuta yakawa yanaelea tu juu yake yanaitazama potashi kwa mbali, saa nzima sabuni nusu nusu, na harufu ilijaa mpaka ofisi ya matroni. Iliyobaki kwenye jerikeni sikuiona tena, na sikuuliza.

Hicho kitu cha njano kinachonata bado sio steroli safi. Kukisafisha unakiyeyusha kwa spiriti ya moto, kidogo iwezekanavyo, alafu unaacha ipoe polepole, ukiweza ilale kwenye friji. Asubuhi unakuta fuwele, vipande vyembamba vyeupe vinang'aa kama magamba ya mukene, wale dagaa, vitamini E na rangi vimebaki kwenye spiriti. Unachuja, unarudia. Hizo fuwele ni laini zinateleza kidoleni kama nta, ukiziweka kwenye maji zinaelea juu hata ukichemsha, na hili nalitia mkazo, zinaelea hata ukichemsha. Lakini hata hapo umepata mchanganyiko, sitosteroli, kampesteroli, stigmasteroli, wote watatu pamoja, manake kampesteroli na sitosteroli zinapishana kaboni moja tu na zinaganda pamoja kama mapacha waliozoea kulala kitanda kimoja. Kuzitenganisha moja moja ni kazi ya kolamu ya silika na mashine, labu ya shule haiwezi, na mimi sikuwahi kuzitenganisha kamwe. Na kwa mimea mingine, hasa nafaka, kuna steroli zimefungwa na sukari, hizo potashi haizifungui, zinataka asidi kwanza. Huyo msomaji anayesema chemsha tu, sijui anachemsha nini.

Viwandani hawaanzi na mafuta yenyewe, na hapa ndo watu wengi hawajui. Mafuta ya kupikia yakisafishwa, hatua ya mwisho ni kuondoa harufu, wanayapasha moto zaidi ya nyuzi 200 ndani ya tanki ambalo hewa imenyonywa, wanapitisha mvuke, na mvuke unatoka na vitu vyote vyepesi vyenye harufu. Vikipoa vinaganda kuwa uchafu wa kahawia unanuka kama sabuni iliyooza. Huo uchafu ukitoka kwa soya ni mali, steroli humo inaweza kufika sehemu 10 kwa 100 na hata kupita, wakati kwenye mafuta ya soya menyewe hata sehemu moja kwa 100 haifiki. Wanauchanganya na methanoli, asidi za mafuta zinageuka kuwa kitu kama dizeli ya mimea, wanaivukiza itoke, kinachobaki wanakipoza, steroli inaganda, wanachuja, vitamini E inabaki majimaji nayo wanaiuza. Kuna wengine wanatumia kaboni dayoksaidi, ileile ya soda, wanaibana kwa presha zaidi ya mara 70 ya hewa hii tunayopumua, ikipita nyuzi 31 inakuwa sio gesi sio maji, inaingia kwenye mbegu kama gesi na inayeyusha kama petroli, ukiachia presha inapaa yenyewe haikuachii harufu ya hekseni. Ndo moja ya njia wanazotolea kafeini kwenye kahawa pia. Lakini mtungi wake ni bei ya nyumba.

Kabla vijana wa Jinja hawajaanza kukimbilia uchafu wa mawese niwaambie mapema, mawese ni maskini wa steroli, uchafu wake karibu wote ni asidi za mafuta, acheni uende kwa sabuni na chakula cha mifugo kama kawaida. Soya na alizeti ndo ya kuangalia, na soya huku kwetu ipo, hata Makerere wametoa mbegu zao za Maksoy ambazo wakulima wengi wanapanda.

Ndugu Mhariri, kuna hadithi moja ya maji na steroli ambayo mtu anaweza kunirudishia usoni kwa iyo niitoe mwenyewe. Kulikuwa na mkemia Mmarekani mweusi, Percy Julian, amezaliwa Alabama 1899, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa, vyuo vilimkatalia kazi kwa sababu ya rangi, akaishia kampuni ya Glidden kule Chicago akishughulika na soya. Kama mwaka 1940 akapigiwa simu kwamba tanki kubwa la mafuta ya soya limeingia maji, limeharibika, chini kuna kitu cheupe kimeganda. Watu wengine wangemfukuza mlinzi. Yeye akakipima akakuta ni steroli, na kutoka kwa stigmasteroli ya humo akatengeneza projesteroni kwa wingi, homoni ambayo kabla yake ilikuwa ghali kama dhahabu. Sasa mtu atasema si umeona, maji yametoa steroli. Hapana. Maji yalizifukuza kutoka kwenye mafuta, zenyewe zikaganda donge, hazikuyeyuka kwenye maji yale hata kidogo. Ukinywa maji ya lile tanki hukunywa steroli, donge ndo steroli. Na kwenye chupa ya shangazi hakuna donge, hakuna mafuta yanayoelea, ni kitu chekundu safi kama chai ya rangi.

Hesabu nyingine ndogo. Mafuta ya simsim yana kama nusu gramu ya steroli kwa kila gramu 100, ni mengi ukilinganisha na mawese. Kupata zile gramu 2 za siku kwa simsim peke yake itabidi unywe gramu 400 za mafuta, karibu nusu lita, kila siku ya Mungu. Hata sisi tunaokula odii, simsim iliyosagwa, hatufiki huko. Kwa iyo anayesema kikombe cha maji ya majani kinatosha aniambie hizo gramu mbili zimepanda boda gani kuingia kwenye kikombe.

Na moo yaa, siagi yetu ya shea, nayo wameanza kuiandikia lebo ya sitosteroli. Mimi naipenda, nimekulia kwenye hio siagi, ngozi yangu ni shahidi. Ni kweli ina sehemu kubwa isiyogeuka sabuni kuliko mafuta mengi, lakini karibu yote ni ndugu wengine, lupeoli, amirini, vitu vizuri kwa ngozi, steroli ni chache na sio hizo za kwenye lebo. Kwani siagi haiuziki kwa sifa yake yenyewe mpaka ivalishwe shati la mwingine?

Ntaseesa ndo inaniuma zaidi. Kwa jina la kitaalamu ni Prunus africana, na magome yake yananunuliwa Ulaya tangu zamani kwa matatizo ya tezi dume ya wazee, sio mafuta ya damu, na huko wanayatoa kwa viyeyusho vya mafuta, sio sufuria. Uchunaji ulizidi mpaka mti ukawekwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 1995, biashara yake nje inataka kibali. Ukiuchuna mti kuzunguka shina lote unaweza kufa. Sasa gazeti linawaambia watu wachune wachemshe, wapate maji machungu, steroli waitupe na makapi, na mti ufe. Hasara ya pande tatu hio.

Nilimwambia shangazi aniletee chupa moja, akaja nayo na basi la usiku, ameifunga kwenye kitenge. Nikaenda pale shule nilipokuwa, fundi wa sasa ni kijana niliyemfundisha, akanikaribisha. Tukatoa robo ya chupa tukaipindua na hekseni mara tatu, tukaacha hekseni ikauke kwenye kioo mbali na jiko, na hapa niseme kwa herufi kubwa, HEKSENI NA SIGIRI HAVIKAI CHUMBA KIMOJA, msije mkajaribu jikoni mkasema nimewaambia mimi. Kioo kilikauka hakina kitu, ukikiinamisha kwenye mwanga unaona kama alama ya pumzi tu. Pembeni tukaweka punje ya fuwele za soya za wanafunzi, saizi ya punje ya chumvi. Vyote viwili tukavitia klorofomu, asetiki anhidridi, alafu asidi ya salfa tone kwa tone, steroli ikiwepo rangi inaishia kijani. Cha soya kikaanza waridi, kikaenda buluu, dakika chache kikawa kijani kibichi kama jani la ndizi. Cha chupa kikawa kahawia hafifu kikabaki hivohivo, tulikaa nacho mpaka kengele ya lanchi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wanafunzi, mkoba mapajani, akaangalia kile cha kijani, akaangalia kile cha kahawia, akauliza, "Na mimi nimekunywa kipi?" Kijana akaangalia chini. Nikamwambia, hicho cha kahawia, shangazi. Akanyamaza kidogo akasema, "Laki na ishirini." Vidonge ameshavirudia, na daktari anamwona tarehe 14.

Najua jaribio letu sio ushahidi wa mahakamani, linasema kijani au sio kijani, halisemi gramu ngapi. Kwa gramu kuna mashine ya gesi kromatografi, na maabara ya serikali ya uchunguzi iko Wandegeya kule Kampala. Ninachoomba kwako, Ndugu Mhariri, ni vitu viwili tu. Barua ya msomaji ikitaja dawa ya kunywa, muulizeni kwanza mtu wa labu kabla hamjaipeleka kwa mashine, tupo wengi na tunajibu simu bure. Na mkiandika tena habari ya steroli muweke kwamba hata zile za kweli za kiwandani sio za kila mtu, mama mjamzito na mtoto mdogo hawaanzishiwi bila daktari, na kuna watu wachache wamezaliwa na ugonjwa ambao mwili wao hauzifukuzi, zinawajaa kwenye damu.

Chupa iliyobaki iko hapa kwangu, nusu na robo imejaa bado, lebo yake haijabanduka na namba ya simu ya muuzaji inasomeka vizuri. Mwandishi wenu akitaka aje aichukue aipeleke Wandegeya, asubuhi niko bandani kwa kuku, mchana niko nyumbani.

Wako,
Fundi wa labu mstaafu,
Lira